Baba Muriithi Anataka Kwenda Chalbi

Wacha nianze na mambo ya jina, juu bila hiyo mtapotea na mnilaumu.

Gachanja ni kijana wa hapa kwetu Gitothua. Mrefu, mwembamba, miguu kama ya kile kisimamio cha kamera, na ndevu chache ambazo anazichunga kuliko watu wengine wanavyochunga ng'ombe. Anasomea jiografia kampasi moja huko Thika. Lakini nyanyake, ambaye sisi wote tunamwita Cucu, hajawahi kumwita Gachanja. Anamwita Baba Muriithi. Sasa Muriithi ni nani? Muriithi ni baba yake Gachanja. Mtu mzima, fundi wa mashine kiwandani Thika, ana kitambi na maoni ya siasa. Kwa hivyo huyu kijana ni baba ya baba yake. Mimi na mamangu tulihamia ploti yao ya nyumba za kupangisha kutoka Siaya nikiwa darasa la nne, na mwanzoni nilidhani tumepanga kwa wazimu.

Baadaye nikaeleweshwa. Kwa Wakikuyu kijana wa kwanza anapewa jina ya guka, yaani baba ya babake. Na sio kupewa jina tu halafu mambo iishie hapo. Ni kama guka mwenyewe amerudi, this time amevaa nepi. Kwa hivyo Cucu alikuwa anamtania mjukuu wake kama bwana yake kabisa. "Mzee wangu, njoo ukunywe chai." "Mzee wangu, mbona hujaoga leo?" Mzee mwenyewe ako darasa la nne, bado anatoka kamasi.

Hiyo jina ilikuwa na faida zake. Siku moja tukicheza mpira Gachanja alivunja dirisha ya mpangaji. Muriithi akatoka na mshipi. Sisi tukajipanga kando kuangalia sinema ya bure. Cucu akatokea jikoni na mwiko.

"Muriithi! Unataka kumchapa baba yako?"

"Mama, huyu mtoto amevunja kioo ya watu."

"Basi ongea na yeye na heshima. Mwambie, baba, tafadhali usivunje tena."

Muriithi alisimama hapo na mshipi, akaangalia juu, akaangalia chini. Halafu akasema, polepole, kama mtu anasoma kiapo: "Baba, tafadhali usivunje tena."

"Sawa, kijana yangu," Gachanja akajibu.

Tulicheka mpaka mimi nikakalia jiko. Haki ya Mungu, alama iko.

Sasa huyo guka mwenyewe, Gachanja wa kwanza. Alikuwa dereva wa lori. Ule mwaka wa njaa kubwa, miaka ya themanini hivi, alitumwa kaskazini na mahindi ya msaada. Lori ikapatikana imekwama pembeni ya Chalbi, na mahindi yote ndani. Yeye hakuwa hapo. Watu walisema labda alitoka kutafuta maji. Chalbi ni jangwa huko Marsabit, na sio ile ya mchanga mnaonanga kwa TV. Ni sakafu ya ziwa iliyokauka zamani sana, chumvi na tope ngumu, tambarare mpaka macho yanachoka. Mtu akitembea huko bila maji hakuna mti wa kumficha wala jiwe la kumwonyesha njia. Walimtafuta, wakachoka, wakarudi. Muriithi alikuwa mtoto mdogo. Hakukuwa na mwili, kwa hivyo hakukuwa na mazishi. Cucu hakunyoa kichwa kama mjane, hakulia mbele ya watu, hakuolewa na mwingine. Alijenga nyumba za kupangisha, akangoja. Halafu mjukuu akazaliwa, akapewa jina, na Cucu akasema tu, "Haya. Amechelewa, lakini amerudi."

Mamake Gachanja aliolewa kwingine mapema, kwa hivyo Cucu ndiye alimlea. Na mchana akichagua maharagwe kwa uteo alikuwa na mchezo wake. Anamweka Gachanja kwa kile kiti kifupi, anamuuliza:

"Baba Muriithi, huko ulikokaa miaka hiyo yote, kulikuwaje?"

"Kulikuwa na joto."

"Na ulikuwa unakula nini?"

"Mandazi."

"Nani alikuwa anakupikia mandazi? Ulioa huko?"

Hapo Cucu anacheka mpaka maharagwe yanamwagika. Huo ndio ulikuwa utani wao, kila siku, na ndio ulimharibu huyu msee. Juu mtoto akikua, mandazi inaacha kutosha. Alianza kutafuta majibu ya ukweli. Sisi tukiomba simu Krismasi, yeye akaomba ramani. Siku moja, tukiwa darasa la sita, alikuja akasimama mbele ya Cucu kama mwanasheria.

"Cucu, nimesoma. Kule hakuna mchanga mwingi. Ni chumvi. Mvua ikinyesha inakuwa ziwa tena."

"Sasa ukaendesha lori ndani ya ziwa, wewe mwanaume?"

"Ilionekana kavu. Juu ni ngumu, chini ni tope. Ndio maana ilikwama."

Cucu aliacha kuchagua maharagwe. Hakucheka hiyo siku. Alimwangalia, akasema, "Kumbe." Nadhani ni hapo Gachanja alianza kuwa mwanachuoni, na hakuna kampasi iliyomfundisha kitu kubwa kuliko hiyo. Mtihani wa sekondari alipata A ya jiografia, na masomo mengine alipata alama za kuombewa.

Akafika kampasi, wazimu ikapanda ngazi. Alisema mtu wa jangwa lazima ajitengeneze mapema. Akaanza kutembea kwa machimbo ya mawe huku Ruiru, saa sita mchana, jua likiwa utosini, na begi imejaa kokoto. Mimi nilimsindikiza mara moja, nikarudi na boda. Akaanza kuonja udongo. Hamjanisikia vibaya, kuonja, na ulimi. Anasema chumvi unaijua kwa ulimi kabla ya maabara. Akaenda kwa mama mmoja wa Marsabit anayeuza maziwa ya ngamia Thika, akafundishwa kusalimia watu kwa lugha ya Wagabra, wenye hiyo Chalbi. Akaanza kujinyima maji. Hiyo ya maji ilimpeleka chini Jumapili moja kanisani, katikati ya maombi, chwaa, kama gunia. Pasta akashuka mbio akamwekea mikono. Watu wakapaaza sauti. Alipofungua macho akaomba maji, na pasta akasema ni kiu ya neno. Hiyo video bado iko kwa group ya ploti. Nilibandika mimi.

Nafuna ndiye alikuwa anamchoma zaidi. Nafuna ni jirani yetu, mama wa Bungoma, anakaanga samosa hapo kwa geti, na mdomo wake hauna likizo.

"Gachanja, ngamia yako umeegesha wapi leo?"

"Iko gereji, Nafuna. Inabadilishwa nundu."

"Uiambie ikuletee bibi. Hiyo udongo unakula itakuzalia matofali."

Tulikuwa na raha, sitadanganya. Halafu akili ya Cucu ikaanza kuondoka.

Haikuondoka kwa kishindo. Alianza kwa kusahau sufuria, halafu majina ya wapangaji, halafu kama amekula. Lakini ule utani wake na Gachanja haukuondoka. Kicheko ndicho kiliondoka. Akawa bado anamwita mzee wangu, bado anauliza huko kulikuwaje, lakini sasa macho yake yalikuwa yanangoja jibu. Aliacha kula mkononi mwa mtu mwingine. Muriithi akileta chakula anamwambia, "Weka hapo, babako akija nitakula." Gachanja akichelewa kutoka Thika, Cucu anasimama kwa geti na fimbo yake, anauliza wapita njia kama wameona lori ya buluu.

Mwanzoni wengine wetu tulicheka kidogo. Halafu tukaacha.

Hapo katikati ndio bahati ya Gachanja ikabisha. Kuna mhadhiri wake, Daktari Mbaluka, mama mfupi wa sauti nzito ambaye ameishi kaskazini nusu ya maisha yake. Anasoma vumbi. Ile vumbi inatoka Chalbi, inaenda wapi, inabeba nini. Kila mwaka anabeba mwanafunzi mmoja peke yake, miezi mingi huko ndani, na hao wanafunzi wake ndio huendelea mbele wakawa watafiti wa ukweli. Mwaka huu alimchagua Gachanja. Gachanja alinipigia simu nikiwa kazini, na kitu nilisikia ni pumzi tu.

"Omosh."

"Nini? Umezimia tena?"

"Omosh, naenda Chalbi."

Nilipiga nduru kwa duka ya watu mpaka mteja akarudisha viatu.

Lakini Daktari Mbaluka alikuwa na masharti yake. Hachukui mtoto wa mtu bila kufika nyumbani. Alisema huko network inapotea kwa wiki, na mtu mwenye shida nyumbani anakuwa hatari kwa wenzake, hawezi kuangalia mbele. Kwa hivyo akaja Gitothua mwenyewe, Jumamosi, amebeba mkate na sukari kama mgeni wa heshima. Tukamkalisha. Nafuna akaleta samosa. Muriithi akavaa koti. Mambo yalikuwa sawa kabisa mpaka Daktari akasema:

"Cucu, nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kwenda na huyu kijana kaskazini, Chalbi."

Cucu alikuwa ametulia. Alisimama, bila fimbo, akamshika Gachanja kwa kola ya shati.

"Haendi."

"Cucu, tutamrudisha," Daktari akasema.

"Hata wale wengine walisema hivyo. Walikuja hapa na mkate hivi hivi. Mimi nimelala peke yangu tangu huyu Muriithi akiwa hivi." Akaonyesha na mkono, chini karibu na goti. "Baba Muriithi, waambie. Waambie huendi."

Gachanja alijaribu kumshika mkono. "Cucu, mimi si..."

"Waambie!"

"Siendi," Gachanja akasema.

Tulikaa hapo kila mtu anaangalia samosa yake. Daktari Mbaluka alipoenda, alimwita Gachanja kando ya geti, na mimi nilikuwa hapo kwa hivyo nilisikia. Hakuwa mkali.

"Gachanja, sitakupokonya kwa mkono ya huyo mama. Gari inatoka baada ya Pasaka. Akinipatia ruhusa kwa mdomo wake, nafasi ni yako. Asiponipatia, nitaenda na Byron."

"Na mwaka ujao?"

"Mwaka ujao mimi nastaafu, baba. Hii ndio safari ya mwisho."

Byron ni mwanafunzi mwenzake. Kijana mzuri, sina shida na yeye. Anavaa miwani ya jua darasani.

Baada ya hiyo siku Gachanja alirudi kwa mazoezi yake. Alienda machimboni na begi yake ya kokoto, akirudi anamlisha Cucu, kijiko kwa kijiko, akimweleza upepo wa Chalbi unavumaje, na Cucu anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kesi. Nilimwambia, "Bro, sepa tu. Wazee wanasahau." Akaniangalia mpaka nikajiona mjinga.

Nafuna ndiye alileta dawa. Na ninataka ieleweke, aliileta na roho safi.

Alikuwa ameketi na Muriithi nje ya duka yake, Muriithi anamlilia vile mamake amekataa kula tena. Nafuna akageuza samosa, akasema, "Baba Gachanja, hii shida yenu ni moja. Nyinyi hamkuwahi kuzika mtu wenu."

"Tungezika nini? Hakukuwa na mwili."

"Kwetu Bungoma mtu akipotea, akaliwa na mamba, akazama, hatukai tu hivyo. Tunakata mgomba, tunauvalisha nguo zake, tunauweka kwa jeneza, tunauzika. Na vilio na pasta na kila kitu. Basi roho zinatulia. Huyu mama anangoja juu hakuna mtu amemwambia asingoje."

Mimi hata niliunga mkono. Kwetu pia kuna hiyo, isipokuwa sisi tunazika yago, lile tunda refu zito la mtini. Muriithi akafikiria siku chache. Akaona ni akili. Cucu akizika bwana yake, atajua bwana yake amekufa, na huyu kijana atabaki kuwa mjukuu. Daktari atauliza tena, na Cucu atasema nenda na Mungu. Ukiipanga hivyo inakaa vizuri sana. Gachanja akaulizwa. Yeye akauliza swali moja tu:

"Atajua ni guka anazikwa?"

"Si tutamwambia," Muriithi akasema.

Hakuna mtu alikumbuka kuuliza mzee yeyote wa Kikuyu. Ingekuwa tumeuliza hata mmoja, hata mlevi, angetuambia. Kwa Nafuna, mtu ni mtu na jina ni jina. Kwa Cucu guka na mjukuu walikuwa mtu mmoja, na sisi tulikuwa tunaenda kumzika.

Tulifanya kwa shamba yao ndogo Gatongora, wiki moja kabla ya Pasaka. Mgomba ulikatwa asubuhi, bado unatoa maji. Muriithi akauvalisha koti ya babake, ile Cucu alikuwa ameificha kwa sanduku na nondo hazikuwahi kuigusa. Jeneza ilikuwa ya mbao rahisi. Pasta alikubali kuomba lakini akasema hatatoa mahubiri kwa ndizi, na hapo hata Muriithi akacheka. Majirani walijaa. Wakati huo mimi nilikuwa bado naona ni kitu poa, kitu ya kuandika kwa status.

Halafu Cucu akafika mbele ya jeneza. Muriithi akamwambia kwa sikio, polepole, "Mama, ni Baba. Tumempata. Tunamzika."

Cucu akaangalia ile koti. Akaangalia msalaba uliokuwa umelala kando kwa nyasi, umeandikwa GACHANJA kwa rangi nyeupe. Akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo, na sitaki tena. Alilia kitu ya miaka arobaini, akashika ile mbao na kucha. Aliita, "Baba Muriithi! Baba Muriithi!" Na Gachanja, amesimama hapo na jembe, juu wajukuu ndio wanafukia, akajibu bila kufikiria, "Niko hapa, Cucu."

Cucu hakugeuka.

Alichukua udongo, akatupa, akasimama mwenyewe. Uso wake ulikuwa umekauka na kutulia. Nafuna akanifinya mkono. "Umeona? Imeshika."

Tukarudi Gitothua kwa chai. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa uani. Cucu akaketi mbele kama mjane, akisalimia watu, akiwajua hata kuliko vile alikuwa amewajua mwaka mzima. Kweli kuna kitu ilikuwa imeshika. Gachanja akamletea chai na mkate, akainama mbele yake vile hufanya kila siku, akapoza kikombe.

Cucu akapokea kwa mikono miwili. "Asante, kijana. Wewe ni wa nani?"

Watu wakacheka. Walidhani ni ule utani wao wa zamani. Gachanja pia akatabasamu.

"Ni mimi, mzee wako."

Cucu akaweka kikombe chini. "Kijana, leo si siku ya mzaha. Mzee wangu nimetoka kumzika saa hii."

"Mama," Muriithi akaingilia, "huyu ni Gachanja. Ni baba. Ni yule..."

"Babako tumemzika, Muriithi! Unanichezea mbele ya watu?" Akavuta kiti chake nyuma. "Mtoe huyu. Ananiogopesha. Anafanana na yeye."

Gachanja akatoka. Alipitia kando ya Nafuna, ambaye alikuwa amesimama na sinia ya samosa na machozi yanadondoka kwa samosa.

Tulisema itapita. Haikupita. Na ikaleta ingine mbaya zaidi. Cucu alikuwa anakula kutoka mkono wa Baba Muriithi peke yake, na Baba Muriithi sasa ako chini ya udongo Gatongora. Muriithi alijaribu. Mimi nilijaribu. Mamangu alijaribu na omena. Cucu akawa anafunga mdomo tu. Kumbe atakula saa moja tu: watu wakiwa uani, wameketi kwa viti, kama matanga. Mjane anakula na waliokuja kumfariji, hiyo alikuwa hajasahau. Kwa hivyo tukaanza. Kila mchana, wapangaji wenye wako ploti tunatoka na sahani zetu, tunaketi uani, tunatoa pole. Kila siku ni pole mpya. Nafuna anafunga duka anakuja kuimba wimbo wa kanisa. Cucu anashukuru, anakula.

Na nani anapanga viti? Gachanja. Hiyo ndiyo kazi Cucu hakumkatalia. Alikuwa anajua kuna kijana wa viti.

Daktari Mbaluka akaja wiki ya Pasaka. Alikuta matanga. Aliketi nasi, akatoa pole, akakula githeri. Halafu, juu ni mtu wa kufuata neno lake, akauliza tena, kwa sauti ya chini.

"Cucu, ninaenda kaskazini. Naomba kwenda na huyu kijana, huyu hapa. Utaniruhusu?"

Cucu akamwangalia Gachanja kutoka juu mpaka kwa viatu. Gachanja alikuwa ameshika kiti ya plastiki kila mkono.

"Huyu? Mchukue," akasema. "Mimi simjui. Lakini ni mchapakazi."

Ruhusa hiyo. Kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Kile kitu kijana alikuwa anangoja tangu kiti kifupi na maharagwe. Daktari hakutabasamu. Alimwambia tu saa ya kufika Thika, na asibebe mzigo mkubwa.

Muriithi alimtafuta jioni akamkuta anaosha sahani. "Baba, enda," akamwambia. Bado alikuwa anamwita hivyo. "Enda tu. Hapa hata hakujui tena. Ukikaa unakaa kwa nini?"

Nadhani alitaka kumwachilia. Nadhani aliona anampa zawadi. Gachanja alimaliza kuosha sahani, akazifunika.

Asubuhi ya safari nilienda kumwamsha nimsindikize. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa, chupa za maji zimefungwa kando. Yeye alikuwa ameketi kitandani na viatu vya safari miguuni, na kamba hajafunga.

"Twende, buda. Wanakungoja."

"Omosh, nikienda saa hii, akiamka kesho akili imerudi, hata dakika moja, aniite, nisijibu?"

"Na isiporudi?"

Akavuta kamba ya kiatu, akaiachilia.

"Daktari anastaafu, Gachanja. Hii ndio ile. Hakuna ingine."

"Najua."

"Basi funga kamba."

"Angekuwa amekataa, ningeenda," akasema. "Si nyinyi mnaona? Ningetoroka usiku, anichukie, lakini angekuwa ananingoja. Sasa nikienda hakuna mtu nimeacha. Nitakuwa nimepotea kama guka."

Nilitaka kusema kitu ya kuchekesha. Kazi yangu ni hiyo hapa ploti, mimi ndiye wa kuchekesha. Nilitafuta, nikakosa. Simu yake ikalia, ni Daktari. Akaiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Mara ya tatu alishika.

"Daktari, chukua Byron," akasema. Akasikiliza kidogo. "Hapana, hajanikataza. Ameniruhusu. Pole, Daktari." Akakata.

Akavua viatu.

Hiyo ilikuwa Aprili. Saa hii ni Septemba, na Cucu hajawahi kumwita, hata dakika moja. Kampasi ameacha kwenda, anasema atarudi, na sisi tunasema eeh. Byron anatuma picha: anga kubwa, chumvi nyeupe, yeye na miwani yake. Gachanja anamjibu vizuri, anamwambia achimbe pembeni badala ya katikati, amwangalilie rangi ya tabaka ya pili. Majibu marefu, yenye hesabu. Halafu anaweka simu kwa chaji na anaenda kutoa viti. Wapangaji wamepungua, watu wanachoka kutoa pole kila siku, na sio vibaya. Siku zingine tunakuwa mimi, Nafuna na yeye, na viti vingine anaviweka wazi tu, ili uani uonekane umejaa.

Jana Cucu alikuwa anakula, akasimamisha kijiko akamwita.

"We kijana wa viti. Kila siku uko hapa. Hauna kwenu?"

"Niko nako, Cucu."

"Basi mbona huendi? Mamako hana wasiwasi?"

Gachanja akapangusa kiti iliyokuwa safi. Nafuna akaanza wimbo haraka, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, na Cucu akasahau aliuliza nini, akaendelea kula.